Minazi Saba ya Mwanasha

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Mwabungo, na ninyi wa Galu na Msambweni mtakaosomewa maneno haya. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenifunika kwa paa nisilolistahili! Alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi!

Mimi ni Hamisi, mkwezi wa minazi. Wengi wenu mmekunywa madafu niliyoyaangua. Nilisoma chuo cha Kurani, kisha shule ya serikali miaka miwili tu, kwa hiyo nisameheni penye makosa. Maalim Rashidi aliniomba nisimame msikitini nishuhudie. Lakini mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, na tangu mke wangu afariki sauti yangu imekuwa ndogo, haifiki safu ya pili. Nikamwambia, nitaandika, wewe usome. Basi anasoma yeye, ila maneno ni yangu.

Nitaanza na aibu yangu, maana bila hiyo hamtaiona rehema.

Mnajua wakfu wetu ulivyoanza. Bibi mmoja, marehemu sasa, hakujaaliwa mtoto, akaliweka shamba lake la minazi wakfu. Mali hiyo imefungwa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi, mazao yake tu ndiyo yatumike kuwasaidia wazee wakae majumbani mwao. Jambo zuri! Na mimi nililifanyia mzaha. Tulikuwa barazani kwangu tunakunywa kahawa, siku zile habari za hali ya hatari huko bara zikisikika kwenye redio ya dukani, nikasema, "Makuti ya sadaka ni ya wasio na watoto. Mwenye mtoto akiezekewa kwa sadaka, amemvua mtoto wake nguo hadharani." Watu wakacheka sana. Mke wangu Mwanasha alikuwa mlangoni ameshika birika. Hakucheka. Nilimwona, ndugu zangu, nikadhani amechoka.

Mwaka ule mama yake Mwanasha alikuwa amefariki. Paa la mama mkwe wangu huyo liliporomoka wakati wa masika, na jamaa zake wakamchukua mbali, kwa nia njema kabisa. Walimlisha, wakamwogesha. Lakini kila alfajiri alijifunga kanga yake, akakaa kitako karibu na mlango, akawaambia, "Mimi tayari. Twendeni kwetu." Alisema hivyo mpaka siku aliyokufa. Mwanasha alinisimulia mara moja tu, hakurudia tena.

Sasa, Mwanasha alikuwa na minazi saba aliyoipata kwa mama yake. Imesimama katika shamba la mtu mwingine, kando ya njia ya kwenda Galu, kwa kuwa kwetu mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mkwezi wake nilikuwa mimi. Kila mnazi niliujua kama ninavyowajua watu. Siku moja akaniambia:

"Baba Mwanatumu, ile saba usiikwee tena. Haimo mikononi mwangu."

"Umeiuza?"

"Sikuiuza."

"Umempa kaka yako?"

"Iko mahali pema. Usiniulize, mume wangu."

Haikupita wiki nikamwona mkwezi mwingine juu ya minazi ile. Ndugu zangu, mkwezi kumwona mwenziwe juu ya mnazi wa mkewe! Nilipita chini nimeinamisha uso kama mwizi. Neno moja tu kumwuliza, "Nani amekutuma?" lingetosha. Sikuuliza. Kiburi kilinishika shingo. Nikajiambia amempa kaka yake kwa siri, ameona mimi si mtu.

Miaka minne nilikula wali wa mwanamke yule na kinyongo moyoni. Alipopakua nilikula. Alipozungumza nilijibu. Lakini moyo nilikuwa nimeufunga kama duka wakati wa swala ya Ijumaa, na yeye alikaa nje ya mlango, hakugonga wala hakuondoka. Hata nilipoanguka kutoka mnazini nikaumia nyonga, ni yeye aliyenikanda kwa mafuta kila siku mpaka nikasimama na fimbo. Nilimwambia ahsante. Neno la minazi sikulisema.

Kisha akaugua, siku tisa tu. Akafariki. Sikumwomba radhi.

Hapo ndipo giza langu lilipoanza. Nyumba ikawa kubwa. Mbuzi yake ya kukunia nazi ilikaa pale pale jikoni, na mimi sikuweza kuikalia wala kuiondoa. Mkeka aliouacha nusu niliuegemeza ukutani. Kila Ijumaa nilikwenda kaburini kumwombea dua, kwa kuwa si mbali, hata mtu mwenye fimbo anafika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu iliyobaki duniani.

Basi paa likaanza kuvuja. Mkwezi asiyekwea atapata wapi makuti ya kuezekea? Nikatega sufuria moja, zikawa mbili, zikawa tatu. Binti yangu Mwanatumu, aliyeolewa Msambweni, akaniletea ujumbe: "Baba, masika yakichanganya nakuja kukuchukua. Chumba kiko tayari." Mtoto mwema, Mungu amzidishie! Ana watoto wanne na mume mkulima, asingeweza kuniezekea huku na kujilisha kule. Lakini nilipousikia ujumbe ule nilimkumbuka mama mkwe wangu kando ya mlango, amejifunga kanga. Nikalia, ndugu zangu. Mzee mzima!

Alasiri moja mvua inanyesha, Maalim Rashidi, msimamizi wa wakfu, akapiga hodi. Kabla sijamfungulia nilizificha sufuria zote tatu chini ya kitanda. Nikamkaribisha, nikampa kahawa.

"Mzee Hamisi, nimesikia paa lako limechoka."

"Paa? Halivuji hata kidogo."

Wallahi, neno halijakauka mdomoni, tone likatoka juu, chubwi! ndani ya kikombe chake. Maalim akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Basi hii kahawa imezaa," akasema, akainywa yote.

Kisha akaniambia kwa upole kwamba wakfu unaweza kuniezekea, na kunipatia mtu wa kuteka maji na kuni. Nikakaza uso. Nikamwambia, "Nina mtoto mimi. Makuti ya sadaka mpelekeeni asiye na mtoto." Maalim akafungua mdomo kama mwenye la kusema, akaufunga. Akaaga, akaondoka na mvua yake. Na mimi nikazitoa sufuria zangu chini ya kitanda, nikazirudisha kazini.

Baada ya siku chache Mwanatumu akaja. Alikuja na lori la nazi, na dereva alikubali kutungoja kidogo. Mzigo wangu ulikuwa tayari: nguo, msahafu, mkeka wa nusu. Nilikuwa nimekwisha kwenda kaburini asubuhi ile kuaga. Nilisimama pale nikakosa la kusema, nikarudi. Nikaketi juu ya mzigo mlangoni pangu, na nilipojiona nilivyoketi nikatambua ndivyo alivyokuwa akiketi mama mkwe wangu, ila yeye alitaka kurudi kwao na mimi nilikuwa naondoka.

Mara tukasikia nyimbo. Wanawake kumi na zaidi wanakuja kwenye njia ya Galu, kila mmoja na bunda la makuti kichwani, wanaimba vile vijembe vyao:

"Nyumba haina kiburi, mwenye nyumba ndiye anacho!"

Mbele yao Bi Mejumaa, mjane jirani yangu, ambaye ulimi wake mnaujua. Akatua bunda uani, puu!

"Nilikataa!" nikapiga kelele. "Nilimwambia Maalim sitaki!"

"Tumesikia," akasema Bi Mejumaa. "Na nani amekuletea wewe? Sisi tunailetea nyumba. Nyumba umeiuliza?"

"Bi Mejumaa, usinitie aibu mbele ya mtoto wangu."

"Aibu ni huyo mtoto kubeba sufuria tatu za kutegea mvua mpaka Msambweni. Au kule mtazipikia?"

Mwanatumu akaziba mdomo kwa kanga asicheke. Na dereva naye anapiga honi kule barabarani: "Mwapanda, hampandi?"

Ndipo Maalim Rashidi alipotokea, anahema, ameshika karatasi. Akaketi kando yangu juu ya mzigo. Akaniambia:

"Mzee Hamisi, mtu mmoja aliniamuru nisiseme jambo, na nimelitunza miaka mitano. Mungu anisamehe. Aliniamuru nisiseme, lakini hakuniamuru nimwache mumewe alowe."

Akasoma. Nayajua maneno yale kwa moyo sasa, kama ninavyoijua Alhamdu:

"Mimi Mwanasha binti Salimu nimeiweka minazi yangu saba wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mazao yake na makuti yake yawasaidie wazee, wake kwa waume, wenye watoto na wasio na watoto, ili mzee asihamishwe kwake kwa sababu ya paa, maji wala kuni."

Wenye watoto na wasio na watoto! Ndugu zangu, mnasikia? Neno lile aliliweka kwa ajili yangu. Aliusikia mzaha wangu akiwa mlangoni na birika, akajua kwamba nikiambiwa nitaukataa wema wake, na huenda nikamcheka. Akanyamaza, akavumilia kinyongo changu miaka minne, akanitangulizia paa. Mimi nikidhani amenificha mali, kumbe alikuwa ananificha na mvua!

Nikamwuliza Maalim, "Makuti haya ni ya minazi ipi?"

Akajibu Bi Mejumaa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa laini: "Ni ya ile saba. Tumekataa kuyachanganya na mengine. Tumesuka wiki nzima."

Mwanatumu alikuja akaniwekea kichwa begani, tukalia sote wawili, na kulia kule kulikuwa kutamu, sijui niseme vipi. Kilichokuwa kimenikaa kifuani miaka mitano kilitoka, nikakisikia kinatoka. Honi ikalia tena.

"Mzee haendi!" Bi Mejumaa akampigia dereva kelele. "Pakia nazi zako uende!"

Siku mbili waliezeka. Vijana wa msikitini juu ya fito, mimi chini na fimbo, nikiwaelekeza na kuwagombeza: kaza kamba hiyo, hapo pamelegea! Mwanatumu alibaki akapika, akakaa juu ya mbuzi ya mama yake akakuna nazi, na sauti ile ya kukuna ilipojaa uani nilimshukuru Mungu aliyeniweka hai niisikie. Aliporudi Msambweni alirudi na moyo mweupe. Sasa huja kunitembelea, hatumii muda wake kunihurumia. Maji naletewa mtungi asubuhi, mtungi alasiri. Kuni ninazo.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kaburini. Safari hii nilikuwa na la kusema. Nilimwomba radhi kwa sauti, nikamweleza yote, mpaka habari ya tone kwenye kikombe. Najua nimechelewa. Sitawadanganya, kuchelewa kule kunauma hadi leo, na hakuna makuti ya kuliziba pengo hilo. Lakini ni maumivu ya mtu aliyependwa, ndugu zangu, na hayo yanabebeka.

Nyuma ya nyumba nina minazi mitatu yangu mwenyewe. Nimemwita Mwanatumu, akaridhia, nikaiweka wakfu mbele ya mashahidi. Marafiki wa barazani wamenicheka: "Hamisi, umejiunga na wasio na watoto?" Nikacheka nao. Nimestahili.

Sasa nakuomba wewe unayesikiliza. Kama unao mnazi mmoja tu, usiudharau, huenda ni paa la mtu usiyemjua bado. Na kama wewe ndiye mzee, na umezificha sufuria chini ya kitanda, zitoe. Mungu hapigi hodi kwa mkono wake, humtuma Maalim, humtuma Bi Mejumaa na ulimi wake. Mfungulie. Mtegemee Mola wako, naye hakuachi ulowe!

Jana alasiri mvua kubwa ilinyesha. Kwa mazoea nilizitega sufuria zangu tatu mahali pake pa zamani, nikaketi nikingoja. Mvua ikanyesha mpaka ikachoka. Nilipozitazama, zote kavu.

Nikaichukua ile kubwa, nikapika wali wa nazi. Baada ya swala karibuni kwangu, chakula kipo.