Kayaki ya Kulowekea Mahindi

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wa rika langu, habari za toka Misa. Mwenyekiti wa jumuiya ameniambia, yaani amemwambia dada yangu aniambie, kwamba leo nisimame nitoe ushuhuda. Kusimama mtanisamehe. Nitautoa nikiwa nimekaa.

Ameomba pia nisiwe mrefu na nisitaje majina ya watu. Majina sitayataja. Wenyewe mtajijua.

Wengi hapa mlinifahamu kwa jina la Winchi. Nilikuwa kuli, kazi yangu kupakia mahindi kwenye malori. Msimu ukifika tulikuwa tunashinda Maposeni, shamba kwa shamba, na kila mfanyabiashara anataka lumbesa. Nyie mnaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomo, halafu linashonewa kilemba juu na kujazwa tena, mkulima anaambiwa ni gunia moja, na kuli naye anabeba moja na nusu. Hakuna kuli asiyeilaani lumbesa. Na hakuna kuli asiyejisifu kwa kuibeba, mimi nikiwa wa kwanza. Nilikuwa nalipandisha begani peke yangu, napanda nalo kwenye ubao mpaka juu ya lori, na akina mama waliokuwa wanapepeta walikuwa wanaacha ungo wanatazama. Nisiwadanganye, nilikuwa napenda kutazamwa.

Siku yenyewe lori lilikuwa limeshajaa. Utingo akasema inatosha, safu haijakaa vizuri, vile vilemba vinafanya magunia yateleze. Mfanyabiashara akajibu, "Ongezeni. Si Winchi yupo?" Nikaongeza. Nilikuwa chini naelekeza gunia la mwisho wakati safu nzima ilipokuja. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia vumbi la mahindi puani, nikasema ngoja niinuke, na miguu ikakataa. Mpaka leo imekataa.

Lori lilipakiwa upya, likaondoka alasiri ile ile. Gunia lililonivunja mgongo lilifika sokoni, likanunuliwa, likasagwa, likaliwa. Huenda yupo aliyelila hapa. Yule mfanyabiashara sijamwona tena, na wala hajawahi kuuliza Winchi alizikwa wapi.

Hospitalini walinihudumia vizuri, sina neno nao. Daktari alivuta kiti, akanitazama usoni, akaniambia mwenyewe kwamba sitatembea. Nilimchukia siku ile. Baadaye ndipo nilipojua alikuwa mtu wa mwisho, kwa muda mrefu sana, kuzungumza na mimi badala ya kuzungumza juu yangu.

Mke wangu alikwenda kuwasalimia wazazi wake. Anaendelea kuwasalimia mpaka sasa. Mtoto hatukujaliwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kumrudisha. Nikachukuliwa na dada yangu mkubwa, huyu aliyekaa pale nyuma na kitenge cha njano, nikahamia kwake Lizaboni. Nyie mnamjua dada, maana wengi wenu komoni yake, ile pombe ya mahindi, mmeinywa, hata waliokunja uso sasa hivi.

Basi kazi yangu ikawa kukaa uani, kwenye kiti cha magurudumu nilichopewa kwa hotuba na picha nyingi, kikavunjika gurudumu la mbele mvua za kwanza tu, mnajua tope letu. Wanywaji wanakuja, wanakaa kwenye mabenchi, wananitazama, wanamuuliza dada. "Anakula?" "Analala?" Mmoja aliuliza, "Lakini anasikia?" Mimi nipo hapo, naweza kumshika mkono. Miguu ndiyo iliyokufa, watu wakahamishia msiba mpaka masikioni.

Na usiku dada alikuwa ananigeuza ili nisipate vidonda. Kushoto, kulia. Mimi niliyekuwa nageuza magunia, nageuzwa. Nilikuwa nafumba macho ili aamini nimelala.

Sasa, ndugu zangu, nifike kwenu.

Mnakumbuka mlivyokuja kusali kwa dada. Mlijaa ule uwanja, rozari mikononi. Mama mmoja mwenye sauti nzuri sana akaanzisha maombi: "Kwa ajili ya ndugu yetu huyu anayeteseka, Bwana amjalie kifo chema." Na nyie mkaitikia wote, "Twakuomba utusikie."

Mimi nilikuwa nimetoka kula ugali na dagaa, nimeshiba. Kifua kizima, hata mafua sikuwa nayo. Hakuna daktari aliyesema nakufa. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza, "Ndugu, wewe ungependa tukuombee nini?" Mliniona nimekaa, mkaamua naondoka. Mkaniombea nife vizuri, halafu mkapokea chai na maandazi.

Nawaambieni kabisa, gunia lilinivunja mgongo, na sala ile ikavunja kilichobaki. Niliwaza, kama jumuiya nzima imeshaona, mimi ni nani nikatae? Nikaacha kuongea. Nikaacha kula kwa hamu, nakula kumridhisha dada. Nikawa nangoja hicho kifo chema, na chenyewe hakina haraka.

Pale uani palikuwa na chombo chekundu cha plastiki, kirefu, chembamba mbele na nyuma. Dada alikinunua kwa Mzungu mmoja wa mambo ya maji aliyekuwa anarudi kwao anauza vitu vya nyumbani. Mauzo yalikuwa na masofa na majiko, dada akachagua hicho, maana alitazama urefu wake akaona mahindi mengi ya kulowekea pombe. Kilikuwa na tundu la kukalia, dada akamwita fundi alipanue kwa msumeno ili mkono ufike kila pembe. Kile kiti cha ndani kikawa kiota cha kuku. Na kulikuwa na fimbo ndefu yenye mabapa pande zote mbili, hiyo dada aliipenda kuliko vyote, akawa anakorogea pombe.

Nilikitazama chombo kile misimu mingi na sikukiona. Mpaka asubuhi moja dada amekimwaga mahindi, amekisuuza, amekianika juani kikiwa kitupu. Nikakumbuka Mbamba Bay. Enzi zangu tulikuwa tunashuka ziwani kupakia dagaa, na tukawaona wageni kwenye vitu kama hivyo, wanapiga maji kushoto na kulia. Wenzangu na mimi tulicheka sana, watu wazima wamekaa kwenye beseni. Sasa nikakumbuka kitu kimoja ambacho wakati ule hakikunihusu: miguu ya wale watu ilikuwa imelala mle ndani, haifanyi lolote. Mikono ndiyo ilikuwa inatembea.

Nikasema, "Dada, hiki ni kayaki."

Dada aliangusha sufuria. Si kwa ajili ya kayaki. Alikuwa ameshasahau sauti yangu.

"Unasemaje, mdogo wangu?"

"Hiki ni cha kwenda majini. Na hiyo unayokorogea pombe ndiyo kasia lake. Nipelekeni mtoni."

"Mto gani?"

Hilo ndilo swali, ndugu zangu. Mto gani? Mtu wa Songea ukimtajia mto anawaza Ruvuma, anawaza mpaka wa Msumbiji huko. Luhira unatupita hapa hapa, na kwetu ni mahali pa kuoshea pikipiki na kutupa visivyotakiwa. Dada alisema, "Kile kimfereji?" Nikamjibu hicho hicho.

Sitamsahau. Alikuwa na mahindi ya sikukuu ya kuloweka na hana chombo kingine. Akatazama mahindi, akanitazama mimi, akasema, "Basi pombe wataisubiri." Akaenda kuwaita makuli wenzangu wa zamani. Wale hawakuuliza kama naweza. Kuli haulizi, anatazama mzigo unashikwa wapi. Wawili wakanibeba mimi, wawili wakabeba kayaki kichwani, tukapita barabarani watu wakivua kofia, wakidhani ni jeneza. Wekundu ule, nao wakavua kofia.

Mtoni tulifunga madumu matupu ya mafuta ya kula pembeni, moja huku moja huku, ili kisilale. Tukakunja kipande cha godoro nikalie. Na lile tundu alilolipanua fundi kwa ajili ya mahindi ndilo lililonifaa, maana miguu yangu haikunjiki, kwenye tundu la kawaida nisingeingia. Wakaniteremsha taratibu. Mmoja akasimama kwenye maji mpaka kiunoni ameshika nyuma, akasema, "Haya Winchi, tukuachie?"

Aliniuliza mimi. Nikasema niachieni.

Kasia la kwanza nililipiga kwa hasira, mbele ikageukia kwenye matete. Nikapiga upande wa pili, ikarudi. Ndugu zangu, niligeuka. Mimi mwenyewe, bila mkono wa mtu, kushoto, halafu kulia. Nikageuka tena na tena pale pale, naona wenzangu wanashangaa nazunguka nini. Nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Sasa mtangoja niseme mto ni mzuri. Mzuri ndiyo, lakini nitawaambia nilichokiona kwanza. Niliona migongo ya nyumba zenu. Barabarani mmepaka rangi, huku nyuma bomba linamwaga maji ya choo. Niliona pampasi zimenasa kwenye mizizi, chupa, nywele za saluni, na godoro la mtu aliyefariki, maana godoro la namna hiyo hamtaki kulala nalo nyumba moja. Kila mlichomalizana nacho kipo mle. Nikawaza, basi mto huu na mimi tutaelewana, wote wawili mlishatumaliza.

Ila ukipanda juu kidogo, kupita mahali vijana wanapooshea pikipiki, maji yanakuwa meupe mpaka unaona mchanga. Yana baridi ya mlimani. Yupo ndege mdogo wa bluu anayekaa kwenye tete moja kila siku, anaingia majini kama jiwe na kutoka na samaki. Sikuwahi kujua Luhira una samaki. Nimezaliwa hapa. Mnapita pale kila siku kwenda sokoni na hamgeuzi shingo. Na mimi nilikuwa vile vile, nimebeba mzigo, natazama chini.

Nikaanza kwenda kila ninapopata wa kunibeba. Mvua zilipochukua lile gogo la kuvukia, akina mama wenye bustani ng'ambo wakakwama na mboga zao. Mmoja akaniita kutoka kule, "Kaka, unaweza kunivushia?" Akanirundikia mafungu ya figiri mbele ya miguu yangu. Mimi niliyebeba lumbesa, navusha figiri. Nilicheka peke yangu katikati ya mto, kicheko kichungu, lakini nilivusha, na kesho yake akaniita tena.

Hapo ndipo mlipokuja na simu zenu kupiga picha. Na sasa mnaniita hapa nitoe ushuhuda, na nimesikia mmoja anasema ni muujiza. Samahanini, muujiza sina. Miguu iko pale pale. Vidonda nimepata viwili vitatu. Siku moja chombo kilipinduka, nikanywa maji yenu machafu mpaka wenzangu wakanivuta kwa shati. Mke hajarudi. Na hasira haijaisha, wala sijamwomba Mungu aiondoe, maana ndiyo ninayopigia kasia.

Shukrani ninazo. Nakushukuru dada, uliyeyaacha mahindi yako bila kuyaloweka ukawaacha wanywaji wako na kiu. Nawashukuru makuli wenzangu, ambao Jumapili wengi wenu hamkai nao benchi moja. Namshukuru yule mama wa figiri, aliyeniita kutoka ng'ambo bila kumtafuta kwanza msemaji wangu. Na Mungu namshukuru kwa kutoisikia ile sala yenu.

Funzo ni dogo. Mtu akiwa amekaa, amelala, amekatika chochote, msianze na Bwana, wala msianze na dada yake. Muulizeni mwenyewe. Na huo mto nao, nendeni mkauangalie kabla ya kuutupia kitu. Bado unapita.

Leo nimefika hapa mapema kuliko wengi. Nimehesabiwa kati ya viti. Mmepita mbele yangu mmoja mmoja kwenda kumpa mkono dada, na mmemuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nimewasikia. Masikio yangu hayakuangukiwa na gunia.

Na wewe mwenyekiti, nimekuona sasa hivi. Umemtazama dada kule nyuma, umemwinulia nyusi, unamuuliza kama nimemaliza. Dada hajui. Niulize mimi.

Naam. Asante kwa kuuliza. Nimemaliza.