Otília Brezinová, Mwalimu Aliyeazima Pua za Wanafunzi Wake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha kuwafundisha wageni Kislovakia hapa mjini Martin, Mwalimu Otília Brezinová anastaafu. Anaondoka akiwa mzima wa afya, sauti yake bado inasikika kutoka jikoni hadi kwenye maegesho ya baiskeli, na bado hajamsamehe mtu yeyote anayemwagia halušky, vitonge vyetu vya viazi, jibini ya kopo.

Aliajiriwa Septemba 1991. Mwaka huo mtambo wa kupasha joto jengo uliharibika kabla ya theluji ya kwanza, na chumba pekee chenye joto kilikuwa jiko la ghorofa ya chini. Sisi wengine tulifundisha tukiwa tumevaa makoti. Yeye aliwapeleka wanafunzi wake jikoni, akabandika sufuria, akaanza na kile kilichokuwa mezani: kiazi, viazi, bila kiazi, pamoja na kiazi. Wanaojua miisho ya maneno yetu inavyowatesa wageni wataelewa kwa nini kiazi kilifaa kuliko mfano wowote wa kitabuni. Mtambo ulitengenezwa Januari. Otília hakurudi darasani.

Mimi hufundisha sarufi katika chumba kinachopakana na jiko hilo, kwa hiyo nimekuwa jirani yake kwa muda mrefu. Nimezoea kueleza kitenzi huku harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikinipora wanafunzi mmoja mmoja. Nimesikia kupitia ukutani somo lake maarufu la kukataa chakula, ambapo yeye huigiza mama mkwe na mwanafunzi hujaribu kukataa sahani ya tatu kwa heshima. Hakuna aliyewahi kufaulu somo hilo. Bwana mmoja kutoka Ufini, baada ya kutumia kila neno la adabu alilolijua, alikula keki ya plamu ya watu wanne kisha akaomba kulala kidogo.

Lakini wasifu wa Otília hautakamilika bila mwaka ule wa mafua.

Ilikuwa vuli, miaka minane iliyopita. Aliugua wiki mbili, akarudi amekonda na mkimya. Siku moja ofisini nilimpa kipande cha soseji ya moshi kutoka kwa shemeji yangu, kitu ambacho kwa kawaida angeninyang'anya. Alikishika, akakiweka mezani.

"Usijisumbue," akasema. "Sinusi kitu. Wala sionji. Limau, kitunguu, sabuni, kwangu vyote ni karatasi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipougua. Daktari anasema huenda harufu zikarudi, huenda zisirudi. Nafundisha watu ladha ambayo mimi mwenyewe siijui tena. Huo ni utapeli. Krismasi ikifika, naondoka."

"Mkurugenzi unajua atasemaje?"

"Mkurugenzi hajui. Unajua wewe peke yako, na utafunga mdomo."

Nikaufunga. Desemba ikafika, na kwa desturi yetu darasa lake likapika kapustnica, ile supu ya kabichi iliyochachuka ambayo bila hiyo Krismasi haijafika katika nyumba yoyote hapa. Kila familia inaapa kwamba yake ndiyo halisi. Otília aliipika kwa kumbukumbu tu: uyoga mkavu, soseji, plamu kavu, na mwishoni unga uliokaangwa kwenye mafuta. Unga ule uliungua. Mtu mwingine yeyote angejua kwa pua tangu mlangoni. Yeye aliukoroga ndani ya sufuria, akapakua, akakaa akiwatazama.

Darasani siku hiyo kulikuwa na watu wawili ninaotaka muwafahamu. Zurab, Mjojia mwenye mabega kama kabati, alifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari na kwa miezi mitatu alikuwa ametamka neno moja tu la Kislovakia, "dobré", yaani nzuri. Bi. Thảo, Mvietnamu aliyeuza nguo dukani kwa kaka yake, alijua maneno mengi lakini aliyasema kwa sauti ya kumnong'oneza mtoto aliyelala. Wote walikula.

"Supu ikoje?" akauliza Otília.

"Dobré," akasema Zurab.

"Dobré," wakasema wote.

Kisha akamwona Thảo akijimiminia glasi ya maji, halafu nyingine, halafu nyingine. Akatazama chini ya sufuria. Akaona weusi.

Angeweza kucheka na kupita. Badala yake alivua miwani, akawaambia ukweli wote, polepole, kwa maneno mepesi ili kila mmoja aelewe. Kwamba pua yake imekufa. Kwamba supu hii huenda ni mbaya na yeye hana namna ya kujua. Kwamba wakiendelea kumwambia "nzuri", atabaki gizani.

Kisha Zurab akasukuma sahani mbele.

"Mwalimu, samahani. Hii supu... moshi. Nyumba inaungua. Watu wanakimbia."

"Moshi wa wapi? Kwenye pua au kwenye ulimi?"

"Pua. Na ulimi. Na roho."

"Hapana!" Huyo alikuwa Thảo, na nilimsikia hadi upande wangu wa ukuta. "Moshi ni wa soseji, na huo ni mzuri. Kibaya ni uchungu. Uchungu unakuja baadaye, huku nyuma. Wewe huwezi kutofautisha?"

"Mimi? Mimi nimekulia jikoni kwa bibi yangu!"

"Basi bibi yako alikuwa anaunguza!"

Wakabishana hadi kengele ikalia, na ikaendelea kulia wao wakiwa bado wanabishana. Otília aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote alikuwa akionja yeye kwanza, anawaambia kinachohitajika, nao wanaitikia. Alidhani anafundisha. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wanafunzi walikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua na alilihitaji kweli. Krismasi ilipita. Hakuondoka.

Kuanzia Januari, hakuna kilichotoka jikoni humo bila wanafunzi kueleza kina ladha gani. "Chumvi" halikuwa jibu. Ilibidi useme ni nyingi au chache, imekuja mwanzo au mwisho, na ungefanya nini. Mtu akikosa neno, anaonyesha kwa uso, wenzake wanalitafuta. Sarufi yao ilikuwa inachechemea, lakini ilikuwa inatembea.

Mwezi Juni akawaandikisha katika mashindano ya kupika halušky kwenye tamasha la mji. Mkurugenzi alisita, akiogopa kituo kuchekwa: mpishi asiyenusa, pamoja na Mjojia na Mvietnamu, mbele ya watu waliokula vitonge hivyo vya viazi tangu kuota meno. Otília akamjibu kwamba wenye kucheka watacheka wakiwa na mdomo umejaa.

Siku mbili kabla, walikwenda sokoni kununua bryndza, jibini laini ya kondoo. Ya mwezi Mei, wanyama wakiwa wamekula majani mabichi, haina mfano. Ya majira ya baridi hutengenezwa kwa jibini iliyowekwa akiba, na kuna wauzaji wanaoichanganya hiyo na mpya wakitumaini hutagundua. Kwa kawaida Otília ndiye aliyekuwa mwiba wao. Safari hii alisimama nyuma, akamsukuma Thảo mbele. Muuzaji, mzee mwenye kofia ya manyoya hata Juni, akampa kijiko. Thảo, ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa akishika pua mtu akifungua jibini ile, akaonja.

"Hii ni ya zamani," akasema.

"Ya zamani? Bibie, hii ni ya wiki hii."

"Nusu yake ni ya wiki hii. Nusu nyingine inawasha nyuma ya ulimi. Naomba ile usiyoichanganya."

Mzee akamtazama juu hadi chini. "Wewe unatoka wapi hata uje kunifundisha mimi bryndza?"

"Natoka Martin," akasema Thảo. "Mtaa wa nyuma ya stesheni."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, mzee mwenyewe akiwemo. Akainama, akatoa ndoo nyingine chini ya meza, akamjazia na kumwongezea kijiko cha juu.

Kwenye mashindano Zurab alikuna viazi kama mtu mwenye kisasi navyo, Thảo akaonja, na Otília akaamuru akiwa amekunja mikono. Walishika nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa watu wa zimamoto, kama kawaida. Zurab hadi leo anasema majaji walikuwa na mafua.

Uwezo wa kunusa ulimrudia Otília majira ya baridi yaliyofuata, kidogo kidogo. Harufu ya kwanza haikuwa ya mkate wala kahawa. Ilikuwa ya koti la ngozi ya kondoo la Zurab, lililolowa theluji na kuanikwa kwenye kipasha joto cha korido. Alisimama mbele yake akilinusa na kulia kwa furaha, huku mwenye koti akiapa kwamba atalifua. Lakini hakurudia tena mazoea ya kuonja kwanza. Mpaka mwisho alipakua, akakaa, akasubiri aambiwe.

Zurab leo ni msimamizi wa zamu kiwandani. Thảo huwasindikiza Wavietnamu wenzake hospitalini na kuwatafsiria, na wauguzi wanasema hakuna anayeeleza maumivu kwa usahihi kama yeye. Wengine wengi wametawanyika katika miji ya nchi hii, na naamini katika kila mji kuna muuzaji anayewaogopa.

Wiki iliyopita Otília alifundisha somo lake la mwisho: vitonge vya unga vilivyojazwa stroberi, vyenye siagi na sukari juu. Nilipotoka chumbani kwangu nilimkuta amesimama koridoni peke yake, ameshavua aproni. Mlango wa jiko ulikuwa wazi kidogo. Ndani, darasa lilikuwa likizozana iwapo siagi imezidi, na hakuna aliyegundua kwamba mwalimu ametoka.

"Wanagombana," nikasema.

"Ndiyo," akasema, uso ukiwa umeng'aa. "Kwa sentensi kamili."

Akachukua mkoba wake, akatoka nje bila kuwakatiza.

Mwalimu Otília, asante kwa miaka yote hiyo, na asante kwa vitunguu vilivyopita ukutani. Nenda nyumbani kwenu Orava ukapumzike, upikiwe nawe, na kila sahani itakayowekwa mbele yako uinuse mpaka ushibe. Tunakutakia siku njema, nyingi na zenye ladha.