Odilia Stanislaus Ligamba (1948–1998), Mlezi wa Hamira ya Mbingu

Mpendwa wetu Odilia alizaliwa kijijini Mbingu tarehe 9 Juni 1948, mtoto wa kwanza wa Mzee Stanislaus Ligamba, ambaye alishatangulia, na Mama Rosa, ambaye yupo nasi hapa. Mama Rosa alikuwa mpika pombe ya miwa, na pombe hiyo ndiyo iliyomsomesha Odilia. Haikutiwa hamira ya dukani. Ilikorogwa kwa mwiko ulioachwa na bibi mzaa mama, mwiko usiooshwa kamwe: ukishakoroga unaning'inizwa juu ya mafiga ukauke, na hamira inalala humo mpaka siku ya kupika tena.

Alianza shule Mbingu mwaka 1956, akamaliza darasa la nane Ifakara, kisha akasomea kazi ya maabara Dar es Salaam. Mwaka 1970 aliajiriwa katika maabara moja hapa mjini Ifakara, na hakuiacha hadi ugonjwa ulipomtoa.

Tuseme ukweli, usafi wake ulipitiliza. Gosbert Lihame, mhudumu wa kivuko pale Kivukoni, alipokwenda kujitambulisha ukweni mwaka 1972, aliletewa maji akanawa, na mchumba wake akamwambia akanawe tena. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo. Gosbert anasema katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kula mbele ya mkewe bila kunawa mara mbili.

Mwaka 1991 alifika mtafiti aitwaye Firdausi, akikusanya hamira za pombe za kienyeji. Alikuwa akitafuta jeni moja tu, ile inayoiagiza hamira itengeneze kimeng'enya cha kukata sukari ya miwa. Odilia alikwangua mwiko wa mama yake, akaiotesha hamira hiyo kwenye chupa. Vipimo vilionyesha kwamba mahali ambapo hamira nyingi zina jeni hiyo moja, hamira ya Mbingu ilikuwa nazo nne. Odilia alifurahi kama aliyepata mjukuu. Alimweleza mama yake kwamba hamira isiyo na jeni hiyo hukaa na njaa huku imezama kwenye sukari. Mama Rosa alicheka, akasema bibi alijua ubora wa hamira yake bila kupima.

Mwaka 1993 ugonjwa wa kuhara uliingia Mbingu. Odilia alikwenda kumsaidia mama yake kusafisha nyumba, na kwa mazoea ya maabara akauchemsha mwiko. Alidhani anamkinga. Maji ya miwa yaliyokamuliwa wiki ile yalikaa siku tatu yakiwa matamu vilevile, kisha yakaoza. Mama Rosa aliutazama mwiko ule mweupe, akasema, "Umemuua bibi yako mara ya pili."

Odilia alimsihi apokee ile ya chupa, kwamba ni ileile. Mama alikataa hamira ya jokofu, akaazima kwa jirani. Walisalimiana, walikula pamoja, lakini habari ya pombe haikuguswa tena. Kila mwezi, kwa miaka mitano, Odilia aliilisha ile hamira na kuihamishia chupa mpya. Umeme ukikatika aliifukia kwenye chungu cha mchanga mbichi. Alikuwa akingoja kuombwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Mwaka 1994 aligundulika kuwa na kisukari. Alimwambia mdogo wake Serafina, "Sasa mwenye njaa ndani ya sukari ni mimi." Mwezi Julai mwaka huu alipata kidonda mguuni ambacho hakikupona, na katikati ya Agosti akalazwa hospitali. Jumapili tarehe 30 Agosti Mama Rosa alifika, akakaa kitandani kwa mwanawe.

"Ile chupa yako bado ipo?" aliuliza.

"Ipo, mama. Nimeilisha mwezi huu."

"Basi nipe."

Odilia alilia, na mama akamfuta machozi kwa kanga. Gosbert aliileta chupa kutoka nyumbani, mama akaifunga kwenye kanga ileile, akapanda gari la Mlimba, lipitalo Mbingu, akarudi kupika.

Odilia alifariki Alhamisi tarehe 3 Septemba 1998, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini. Serafina, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyepeleka habari Mbingu. Alimkuta mama ameshika kata, ametoka kuonja. Kabla mdogo mtu hajafungua mdomo, mama alisema, "Ni yenyewe. Nenda kamwambie Odilia."

Ameacha mama yake, mume wake Gosbert, watoto watatu, Adolf, Teddy na Oliva, wajukuu wawili, na mdogo wake Serafina, ambaye tangu siku ile ametembea na ujumbe bila kuufikisha.

Dada Odilia, mama anasema ni yenyewe. Sasa pumzika, Bwana akupe amani.