Bei ya Mgeni wa Chumba cha Juu

Wanangu, sogeeni, mniinue kidogo kwenye mto, na wewe binti yangu acha kulia kwanza, nina maneno ya kumaliza nikiwa bado na pumzi.

Nyumba hii na duka lake ni vyenu wawili, kama marehemu baba yenu alivyotaka. Hati iko chini ya godoro hili. Lakini ninalotaka kusema ni la chumba cha juu, na yule mwalimu wa kigeni mnayemwita Bwana Zima Taa. Miaka mitatu tumemcheka, tukisema analipwa fedha za kwao kisha anakaa gizani kwa ubahili, na mimi kila mwaka nikampandishia kodi, nikijua huyu hata haisikii.

Juma lililopita, kabla miguu haijagoma, nilipanda kumwambia tangi la maji linafurika. Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia. Ile friji tunayomlipisha kila mwezi imechomolewa, imejaa vitabu. Mezani pana nusu nyanya imefunikwa kikombe, na hicho ndicho chakula chake cha jioni!

Nikamuuliza, "Mwalimu, mshahara unakwenda wapi?"

Akacheka kwa aibu. "Unashuka ngazi tu, Mama. Nusu kwako, nusu dukani kwa mwanao."

Nikaketi kitandani pake. Nikamuuliza kama anajua dukani kwetu jirani hununua yai kwa nusu ya bei anayouziwa yeye. Anajua! Tangu mwezi wa kwanza anajua. "Ningehamia wapi, Mama? Kila mlango kisiwani humu una bei yangu, bei ya mgeni."

Na huyo ndiye anayeniletea maji ya kuoga kila asubuhi, ninyi mkiwa bado mmelala.

Mwanangu wa dukani, usiinamishe kichwa. Bei hiyo niliianzisha mimi, na ada zenu za shule zilitoka humo. Simlaumu mtu. Lakini nikifa, usithubutu kumtoa ili umpate wa kulipa mara mbili. Jana nilikusikia ukimnong'oneza dada yako, sijawa kiziwi. Alipe kodi anayolipa fundi cherehani wa chumba cha nyuma, basi. Na yai, bei moja.

Semeni "ndiyo, Mama"... kwa sauti, nisikie. Haya. Mungu awape riziki... isiyomweka mtu gizani.

Maji... La, si wewe, mwanangu. Mwiteni yeye. Nataka nimwombe radhi... kwa mdomo wangu.