Vifungo vya Nyota Kaburini mwa Baba

Karibieni, Théophile, na wewe Marcelline, kaeni hapa kitandani mnisikie, maana kifua hiki hakinipi tena pumzi ya kusema jambo mara mbili, na hili hata mimi sikulijua mpaka mwezi uliopita.

Mnajua nimekuwa tayeri, mshona sare za askari kule kambini Kasongo, zaidi ya miaka thelathini. Mnajua pia hadithi niliyowalea nayo: kwamba askari wa Bula Matari, serikali ya wazungu, walichoma kijiji chetu hapa Lusangi mimi nikiwa mgongoni mwa mama, baba yangu akafa akiwazuia, kwamba aliyewaonyesha njia ni baba yake Amuri, jirani yetu, na kwamba kwa damu hiyo chifu alitupatia shamba lao la michikichi pale mtoni. Kwa hadithi hiyo nilimnyima Amuri salamu maisha yangu yote.

Basi yule mzungu wa migodi akaja na mashini yake ya kusikiliza chuma ardhini, akapita juu ya kaburi la baba, ikalia. Akarudi, ikalia tena. Barabara yao ilikuwa ipite pale na mifupa ihamishwe, kwa hiyo nikachimba mwenyewe, nikitazamia kukuta mkuki wake.

Nilikuta vifungo vya shaba, wanangu! Saba, vimejipanga juu ya mbavu toka shingoni mpaka kitovuni, kama koti lililofungwa asubuhi ile. Nikajidanganya kwamba ni askari mwingine, wa vita vya Tabora, aliyezikwa hapo baadaye. Nikavisugua kwa majivu na ndimu. Vifungo nilivyoshona mimi, mamia kwa mamia, vilikuwa na simba. Hivi vilikuwa na nyota, nyota ya Bula Matari wa kwanza, kabla Wabelgiji hawajachukua nchi. Nilipoanza kazi vilikuwa vimebaki vichache sandukuni mwa fundi wangu, akaniambia ni vya wale waliopigana na Waarabu. Miaka ile ile ya moto wetu.

Nikampelekea shangazi Victorine, ndiye peke yake aliyebaki wa siku zile. Akavigeuza kimoja kimoja.

“Umevitoa wapi?”

“Kaburini.”

“Baba yako ndiye aliwaleta wale askari,” akasema. “Alitoka nao Kasongo, na bunduki yake. Baba ya Amuri alimupiga mushale akilinda mulango wa nyumba yake mwenyewe, watoto wake wakiwa ndani. Siye tulimuzika mbio na koti yake, tukageuza maneno. Chifu alikuwa ndugu yetu, nani angetubishia?”

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yetu ilikwenda miaka sitini, na mimi ndiye niliyeifagia.

Nilikwenda kwa Amuri, nikapiga magoti uani pake, mimi niliyemtemea mate sokoni mbele ya watu. Nikamwambia yote. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonivunja.

“Ndugu Hippolyte,” akasema, “siye tulijua siku zote. Baba alituambia tunyamaze. Mwenye nguvu mpishe.”

“Siku zote?”

“Siku zote.”



Théophile, shamba la mtoni si letu. Lirudishe kabla matanga yangu hayajaisha, pamoja na ngazi zilizoiva juu ya michikichi, usikate hata moja kwanza. Wala usiseme tunawapa, sema tunarudisha. Mifupa ya baba izikeni upya kando yangu. Alitenda alilotenda, lakini ni baba yangu, na mtoto hachagui mgongo unaombeba.

Marcelline, mwanangu… Sumaili wa Amuri alipokuja kukuposa, nilimfukuza kama mbwa. Kama moyo wako bado uko kwake, mimi sina tena mdomo wa kukataa. Mambo ya msikiti na kanisa mtayasema ninyi wenyewe, polepole.

Mungu awape… awape ulimi usioona haya kusema tulikosa. Awape watoto wasiorithi chuki ya… Hapana, sitaki maji. Msingoje nife. Shikaneni mikono, mwende kwa Amuri sasa hivi, jua lingali juu. Piga hodi wewe, Théophile. Nendeni… nendeni, wanangu.