Maji ya Kusuuza

Januari mwaka wa 2005 nilimpoteza mume wangu, Baba Rhoda, aliyekuwa fundi wa viatu kule Ngara. Aliugua kwa muda mfupi. Tulimzika kwao Vihiga, nikarudi Nairobi peke yangu, maana binti yetu Rhoda alikuwa ameshaolewa.

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe, na nyinyi mliokaa karibu na mlango pia nawasalimu. Mchungaji aliponiomba nishuhudie nilimwambia sina muujiza. Akasema nisimame hivyo hivyo.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilisoma hadi darasa la saba, nasafisha ofisi Hurlingham, na ninakaa hapa Kawangware katika chumba chenye kiwanja kidogo nyuma.

Kwenye mazishi sikulia. Wengine walisema nimejikaza, wengine walisema mengine. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu. Nilisikia watu wakiimba kama mtu anavyosikia redio ya jirani kupitia ukutani. Niliomba, lakini hata maombi yangu niliyasikia kwa mbali.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alinifungia mbegu za kunde katika ncha ya leso.

"Hizi alivuna yeye mwenyewe alipokuja Desemba," akasema. "Ndizo za mwisho. Kwetu mbegu ya marehemu hailali ndani ya nyumba. Ipande ukifika, na mwezi wa nane uniletee mbegu zake."

"Mama, Nairobi sasa ni jua tupu."

"Basi utazinywesha. Mikono si unayo?"

Nilizipanda kwa sababu nilikuwa nimekubali, si kwa sababu nilitaka. Nilitengeneza matuta mawili nyuma ya nyumba. Februari jua likawaka, na mfereji wa ploti ukawa unatoa maji mara moja moja. Watu walipanga mitungi tangu alfajiri. Jirani mmoja aliniona nikinyunyizia yale matuta, akapaza sauti: "Mama Rhoda! Sisi tunatafuta maji ya kuoga, na wewe unaogesha mchanga?" Hakukosea. Nilijua maji yangu hayatatosha.

Wamama wa ushirika wetu walikuwa wakinitembelea kila Alhamisi, kama tunavyofanya kwa kila mfiwa. Walileta sukari na unga, wakafua nguo zangu, wakaimba. Mimi nilikaa tu. Siku moja nilimwona Mama Wambui akiinua beseni amwage maji ya mwisho ya kusuuza kwenye mtaro.

"Usimwage!" nikasema.

Akalishusha beseni, na wote wakanigeukia. Sikuwa nimesema neno siku hiyo.

"Msiniletee sukari tena," nikawaambia. "Nileteeni maji ya kusuuza."

Walitazamana, lakini Alhamisi iliyofuata walikuja na mitungi, kila mmoja na maji yake kutoka nyumbani. Ndugu zangu, kunde ziliota! Asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nachuchumaa kuona jani gani limefunguka. Sikuiita furaha. Niliona tu kwamba siku hizi naamka bila kujilazimisha.

Machi, Mama Wambui, ambaye kwa bidii anatushinda wote, alipita nikiwa kazini akanywesha mwenyewe. Baada ya siku chache tuta moja lote likawa jeupe kama karatasi. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikamleta kwa mkono aone.

"Uliweka nini?"

"Si ni ile dawa tu ya kutoa madoa," akasema. "Kidogo. Mashati ya watoto ya shule ni meupe, na nikafikiria itaua wadudu pia."

"Wadudu gani? Wewe Mama Wambui! Umeua kunde za Baba Rhoda!"

Nilipiga kelele mpaka ploti nzima ikatoka. Nilisema maneno ambayo sitayarudia mbele ya madhabahu. Kisha nikakaa chini katikati ya lile tuta nikalia. Nililia kilio cha Vihiga ambacho sikukilia Vihiga. Mama Wambui akakaa kando yangu kwenye udongo, analia kunishinda. "Woi, nimekosa, woi." Halafu akafuta pua na kusema polepole, "Lakini wadudu nao si wamekufa?"

Nikacheka. Haleluya! Nililia na kucheka pamoja, na nikasikia yote, karibu, si kupitia ukutani.

Wengine hapa mliona nuru. Mimi nilikasirika. Mungu alinifungua kwa hasira na dawa ya madoa, na siwezi kusema vingine kwa sababu vingine havikutokea.

Tuta la pili liliponea. Tulilinywesha mpaka mvua ikaja, na mwezi wa nane nikampelekea mama mkwe mbegu katika ncha ya leso ile ile. Alitia moja kinywani, akaiuma, ikalia. "Zimekauka vizuri," akasema. Akanigawia nyingine nirudi nazo.

Hiki ni kiangazi cha tatu. Jua ni lile lile, na mfereji ni ule ule. Mume wangu hajarudi, na bado namkumbuka. Lakini saa hii ya jua kali, wakati majani ya watu yamekauka, mimi nina mboga na nina furaha. Namshukuru Mungu, nawashukuru na wamama. Kama kuna aliye hapa asiyehisi kitu, sitakuambia uchangamke. Mtumaini Bwana hivyo ulivyo, hata kama humsikii. Na Alhamisi tufungulie mlango.

Jana Mama Wambui alikuja na mtungi wake. Kabla ya kumwaga alichovya kidole ndani, akakilamba, akatema.

"Iko sawa," akasema, akanywesha.