Upepo wa Río Gallegos

Tangu alfajiri basi letu lilikuwa likishuka kusini mwa Argentina, na nje hapakuwa na kitu ila vichaka na uzio. Mbele yangu alikaa Nélida, mama wa Tucumán, kaskazini, aliyeuza nyumba ili akaishi na bintiye katika mji wa Río Gallegos. Kando yake alikuwa Eleuterio, mkata manyoya ya kondoo, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri.

"Mama, upepo wa huko hung'oa mabati. Rudi kwenu," alisema. "Kwetu nimeshauza, mwanangu," Nélida akamjibu. " Na binti yangu kajifungua, hana mtu." "Mimi nilikwenda kwa msimu mmoja tu wa kukata manyoya. Tazama, mvi zimenikuta huko huko." "Kama ni kubaya hivyo, mbona unarudi?"

"Nimetoka kumzika mama kwetu Corrientes," Eleuterio alisema. "Watoto wa dada yangu wakaniuliza mimi ni nani."

Nélida alimega empanada yake, aina ya sambusa ya nyama, iliyokwisha kupoa, akamtia nusu mkononi. Basi likasimama kwenye kituo cha mafuta, na upepo ukaubamiza mlango. "Ndio huu upepo wa huko?" Nélida akauliza.

"Bado, mama. Huu ni mtoto wake."